Mtoto wa Ming'oko

Kalenda ile aliiacha fundi Deng,
mchomeleaji wa mabomba ya gesi pale Madimba,
siku kambi ilipovunjwa na mimi, mpishi wao, nikalipwa
masufuria mawili na shukrani za kuinamiwa.
Mwaka wake umekwisha zamani. Sijaibandua.
Moshi umekula miezi yote, umebakiza kijana:
kitambaa chekundu begani, mkuki mkononi,
na chini ya nyayo magurudumu mawili yanayowaka.

"Mama Sijaona," Deng alisema,
Kiswahili chake kikijikwaa kila kizingiti,
"hii mtoto, miaka saba. Piga joka ya bahari.
Joka kasirika, taka zamisha mji yote.
Baba yake ogopa."
Akakoroga chai isiyo na sukari.
"Mtoto sema: basi. Mama, chukua nyama yako.
Baba, chukua mfupa yako. Deni hapana tena."

Nilicheka. Nani hurudisha mwili
kama mtu arudishaye kinu cha jirani?
Kisha kicheko kikanikauka.
Nilikumbuka likumbi, alfajiri ya ngoma,
tulivyoambiwa kina mama tusiwaite tena kwa majina ya kunyonya:
yule uliyembeba mgongoni amebaki porini,
huyu ajaye, kang'aa mafuta, jina lake Sijaona,
ni mgeni. Mpe maji.

"Akafa?"
Deng akatafuta neno la ua linalolala juu ya bwawa.
Ningempa yungiyungi, lakini sikujua anatafuta nini.
Akainama kwenye ungo wangu wa ming'oko, akachagua:
huu mrefu mguu, huu mrefu mguu,
wenye kifundo mkono,
akamlaza mtu mzima juu ya jamvi.
"Mwalimu yake fanya hivi. Mtoto amka."
Kwao, akasema, bado wanamfukizia ubani,
wazee wa mvi wanampigia goti mtoto.
Nikaichemsha ile miguu. Tukaila kwa chumvi.

Sasa ya nyumbani kwangu.

Nalyanga aliuza korosho kangomba,
zikiwa bado maua, kwa bei ya maua.
Sijaona akajulia mnadani, mbele za watu,
kwamba magunia tisa aliyoyapulizia dawa mwenyewe
yana jina la mtu mwingine.
Usiku ukuta wa udongo haukuficha neno:
"Mfupa huo niliutia mimi!"
Alfajiri nikakuta kibarazani
shati la Idi, limekunjwa,
viatu, simu isiyo na kadi,
na baiskeli imeegemezwa, kufuli juu ya tandiko.
Nyama yangu hakuirudisha.
Labda alisahau. Labda hilo ndilo deni
alilopenda kuondoka nalo.

Mwaka wa pili huu. Wengine husema yuko Newala,
wengine Tunduru, anachimba mawe ya rangi.
Mimi nachimba ming'oko. Kila nikipakua
naweka sahani moja chini ya kalenda, naifunika kawa.
Katika kisa cha Deng, mama naye alimjengea mwanawe
kibanda cha siri ili roho ipate pa kukaa,
baba akakikuta, akakivunja kwa teke.
Kwa hiyo nilikuwa nikisubiri teke.

Nalyanga ameiona sahani.
Alifunua kawa, akatazama, akafunika.
Akamtazama na kijana wa ukutani, kitambo,
kama mtu asomaye barua ya mahakama.
Hakusema. Kinywa chake ni mpingo,
huwezi kukichonga kwa kisu cha jikoni.

Lakini Ijumaa, akidhani nimekwenda kisimani,
aliitoa baiskeli uani, akaipindua,
akajaza upepo la mbele, akajaza la nyuma,
akalisukuma moja kwa kidole
na kuchuchumaa hapo, akilitazama likizunguka
jua limenasa kwenye spoku,
mpaka likasimama lenyewe.
Akalisukuma tena.